Kamba wa Kwenye Bahasha

Kurasa za nyuma za vitabu vya katuni vya Marekani, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, zilikuwa soko kamili. Matangazo madogo yalibanana humo bila mpangilio: miwani ya kuonea mifupa, kozi ya Charles Atlas ya kumgeuza mvulana mwembamba kuwa pande la mtu, nyambizi ya Polaris yenye urefu wa futi 7 kwa dola 6.98 (ilikuwa ya maboksi), hata nyani hai wa kufuga nyumbani. Katika vurugu hiyo yote kulikuwa na picha moja iliyowashika watoto kuliko nyingine. Ilionyesha familia ya viumbe wa rangi ya waridi, baba, mama na watoto, wenye ncha tatu kichwani mithili ya taji na mikia mirefu, wakitabasamu mbele ya kasri lao chini ya maji. Waliitwa Sea-Monkeys, nyani wa baharini. Jaza fomu, ikate kwa mkasi, tia pesa kwenye bahasha, kisha subiri wiki kadhaa.

Kilichofika ni vifuko vya unga. Unga ukamwagwa majini, na vitone vyeupe vikaanza kurukaruka. Hapakuwa na taji wala kasri, na ukitaka kuona tabasamu ilibidi ulibuni mwenyewe.

Wengi walioagiza wanalikumbuka jambo hilo kama utapeli mtamu wa utotoni. Mimi naona picha ndiyo iliyokuwa ya uongo. Unga wenyewe ulikuwa na maajabu kuliko picha. Tena unga huohuo, ukiuzwa kwa kopo badala ya kifuko, ndio unaolisha vifaranga vya kamba wanaofugwa duniani, ambao kwa wingi sasa wanawapita wale wanaovuliwa baharini. Anayegeuza kamba juu ya makaa leo, hasa kama kamba huyo alinunuliwa akiwa amegandishwa, huenda anakula kitu kilichokuzwa na kichezeo kile. Fundo hili lina nyuzi tatu, yaani biashara, elimu ya viumbe na jiko, na inafaa kuzifungua moja moja.

Biashara ya kusubiri

Bila posta, biashara hii isingekuwepo. Marekani ilianza kupeleka vifurushi hadi mlangoni mwa wakulima mwaka 1913, na ghafla mtoto wa kijijini asiyejua duka la vichezeo lina sura gani akawa mteja. Kampuni kama Johnson Smith ziliishi kwa katalogi nene zilizojaa vitu vya mizaha: mito ya kutoa mlio mbaya ukiikalia, unga wa kuwasha, vitabu vya mazingaombwe. Kwetu Afrika Mashariki, ambako barua hufika kwenye sanduku la posta na si mlangoni, biashara ya namna hiyo haikuota mizizi, ingawa aliyewahi kuwa na rafiki wa kalamu anaijua raha ya kwenda kufungua sanduku akiwa na matumaini.

Raha yenyewe ilikuwa kusubiri. Kwa wiki nne au sita mtoto alimiliki kitu kikamilifu kichwani mwake, na hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza kitu kizuri kiasi hicho. Muuzaji mwerevu alilijua hilo. Alichouza hasa ni zile wiki, na kifurushi kilikuwa risiti tu.

Aliyelijua kuliko wote ni Harold von Braunhut, aliyezaliwa mwaka 1926 na kukulia New York. Ndiye aliyeuza ile miwani ya kuonea mifupa. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na unyoya wa ndege uliobanwa kati ya tabaka mbili za karatasi ngumu yenye tundu dogo. Nyuzi za unyoya hutawanya mwanga na kumfanya mtazamaji aone picha mbili zilizopishana kidogo. Zinapokutana panakuwa peusi zaidi, na ukitazama mkono wako unadhani umeona mfupa. Aliuza pia samaki wasioonekana: unapokea bakuli, chakula na kijitabu cha maelekezo, pamoja na dhamana kwamba samaki huyo hutamwona kamwe. Sijui mfano mzuri zaidi wa ahadi ya kibiashara iliyotimizwa kwa ukamilifu.

Mwaka 1956 mfanyabiashara mwingine, Milton Levine, alikuwa amepata mafanikio makubwa kwa kuuza visanduku vya plastiki inayoonyesha ndani, vya kufugia sisimizi. Von Braunhut akaona kwamba watoto wako tayari kununua kitu chenye uhai. Mwaka uliofuata akavutiwa na viumbe wadogo wa maji ya chumvi waliokuwa wakiuzwa madukani kama chakula cha samaki wa mapambo. Alishirikiana na mwanabiolojia wa bahari, Anthony D'Agostino, kutafuta njia ya kuwafanya waanguliwe na kuishi kwenye maji ya bomba. Mwanzoni bidhaa iliitwa Instant Life, uhai wa papo hapo, na iliuzwa kwa senti 49. Mwaka 1962 ikapewa jina la Sea-Monkeys. Ile familia yenye mataji ilichorwa na Joe Orlando, mchoraji wa katuni ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wakuu wa DC Comics.

Hakuwa peke yake katika wazo hilo. Kampuni ya Wham-O, ile ya frisbee na hula hoop, ilijaribu mapema miaka ya 1960 kuuza samaki wa papo hapo: mayai ya samaki wa Afrika anayetaga kwenye matope ya madimbwi yanayokauka, mayai ambayo huanguliwa mvua inaponyesha. Biashara ilikufa kwa sababu samaki hawakuweza kutaga kwa kasi ya maagizo. Samaki wa namna hiyo tunao huku kwetu. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, kwao ni Unguja. Anaishi miezi michache tu, kisha dimbwi linakauka na mayai yanabaki ardhini yakingoja masika.

Sasa tuje kwenye ujanja wenyewe, maana hapa ndipo fundi alipoonekana. Kifuko namba 1 kiliandikwa kuwa ni dawa ya kusafisha maji. Maelekezo yalikuwa makali: mwaga, koroga, subiri saa 24, ndipo ufungue kifuko namba 2 chenye mayai. Mtoto anatii. Kesho yake anafungua kifuko cha pili, anamwaga, na hapohapo, mbele ya macho yake, viumbe wanaogelea. Uhai wa papo hapo! Ukweli ni kwamba mayai yalikuwemo tangu kifuko cha kwanza, pamoja na chumvi, na zile saa 24 ndizo zilizowaangua. Kifuko cha pili kiliongeza mayai mengine, chakula, na wakati mwingine rangi iliyofanya waliokwisha kuanguliwa waonekane vizuri. Mwaka 1972 von Braunhut alipewa hataza ya Marekani kwa njia yake ya kuangua.

Mtu mwenyewe hakuwa wa kusifiwa kwa kila jambo. Mwaka 1988 gazeti la Washington Post lilifichua kwamba alikuwa na uhusiano na makundi ya ubaguzi wa rangi ya watu weupe, ilhali yeye mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Alifariki mwaka 2003.

Kiumbe asiye nyani wala wa baharini

Jina lake la kitaalamu ni Artemia. Si nyani, hilo halihitaji maelezo. Lakini si wa baharini pia: anaishi kwenye maziwa ya chumvi na madimbwi ya kukaushia chumvi. Tena si kamba hasa. Ni krasteshia, yaani yumo kwenye kundi kubwa la wanyama wenye gamba la nje na miguu ya viungo, pamoja na kamba, kaa, kambakoche na uduvi, ila tawi lake lilijitenga na la kamba zamani mno. Mkubwa hufika milimita 10 hivi. Huogelea chali, tumbo likielekea juu kwenye mwanga, kwa jozi 11 za miguu iliyopanuka kama majani. Miguu hiyohiyo humsukuma, humvutia hewa na kumchujia chakula. Huzaliwa na jicho moja. Mengine mawili humwota baadaye pembeni mwa kichwa, la kwanza likiwa bado lipo. Kwa hiyo mkubwa ana macho matatu, na naona hilo lingeuza kuliko taji.

Kwa nini akae kwenye chumvi kali? Kwa sababu hana silaha. Haumi, hachomi, hakimbii kwa kasi, na kila samaki anamwona mlo. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita. Artemia huvumilia kiwango hicho mara sita na zaidi, mahali ambapo samaki hawezi kuingia. Mwili wake unasukuma chumvi nje saa zote, kazi inayomla nguvu nyingi, lakini kodi hiyo ni nafuu kuliko kuliwa. Ndege ndio wanaomfuata hadi huko, na heroe ni mmojawapo: wekundu wa manyoya yake hutokana na rangi za chakula chake, na Artemia ni miongoni mwa vyakula hivyo.

Tatizo la kuishi kwenye ziwa la chumvi ni kwamba ziwa lenyewe halitabiriki. Linaweza kukauka lote. Jike wa Artemia ana jibu la namna mbili. Mambo yakiwa mazuri, huzaa watoto hai wanaoogelea. Chumvi ikizidi, oksijeni ikipungua au siku zikiwa fupi, hubadili mpango: viinitete vinakua hadi kufikia seli 4,000 hivi, kisha vinasimama. Tezi maalumu inavipaka ganda gumu la kahawia, na jike anavitoa majini. Vinaelea, upepo unavisukuma pwani, vinalala huko kwa mirundo inayofanana na vumbi la mbao. Hayo ndiyo yanayoitwa mayai, ingawa ndani ya kila moja tayari mna mnyama aliyeanza kujengwa kisha ujenzi ukasitishwa. Gramu moja ina mayai zaidi ya 200,000.

Hapa ndipo penye ajabu, na naomba tukae kidogo. Kiinitete kinapokauka kinapoteza karibu maji yake yote. Kwa mnyama wa kawaida hicho ni kifo, kwa sababu maji ndiyo yanayoziweka protini katika maumbo yake na kuzishikilia ngozi nyembamba za seli zisishikamane. Artemia amejiandaa. Ndani yake amelimbikiza sukari iitwayo trehalosi, ambayo inaweza kufika sehemu 15 kwa 100 za uzito wake mkavu. Maji yanapoondoka, trehalosi inachukua nafasi yake: inajishikiza kwenye protini na utando wa seli palepale maji yalipokuwa yamejishikiza, kisha inaganda kuwa kitu kigumu kama kioo kinachozuia kila kitu kusogea. Zipo pia protini za ulinzi, kwa wingi usio wa kawaida, zinazozuia protini nyingine zisivurugike. Baada ya hapo hakuna kinachoendelea. Hapumui, hatumii nguvu, hazeeki kwa namna inayopimika kirahisi.

Yu hai basi? Tumezoea kusema uhai ni shughuli: kupumua, kula, kukua. Yai kavu la Artemia halifanyi hata moja, lakini hatuwezi kulihesabu miongoni mwa wafu, maana ukilitia maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 na mwanga, kesho yake linaogelea. Mwanasayansi wa Marekani James Clegg alikwenda mbali zaidi. Aliyaweka mayai yaliyokwisha kulowana, kwenye joto la kawaida la chumba, bila oksijeni kabisa, kwa miaka minne. Hali hiyo ilipaswa kuyaozesha. Sehemu kubwa iliangua. Kwa hiyo kinachohifadhiwa si shughuli bali mpangilio; mpangilio ukibaki salama, shughuli inaweza kuanza tena pale ilipoishia.

Kuamka nako kuna ufundi wake. Maji yakiingia, trehalosi inaanza kuvunjwa, sehemu yake ikawa gliserini. Gliserini huvuta maji zaidi kuingia ndani ya ganda, shinikizo linapanda, hadi ganda linapasuka na kiinitete kinachomoza. Kuuvunja mlango kwa sukari uliyojiwekea akiba: sidhani kama Joe Orlando angeweza kulichora hilo.

Kwa uimara huo haishangazi kwamba mayai haya yamefika mbali. Yalisafiri kwenye Apollo 16 na Apollo 17, safari za Wamarekani kwenda mwezini, mwaka 1972, yakiwa yamebanwa kati ya vigunduzi, ili ijulikane miale mizito ya anga inamfanya nini kiumbe mkavu. Mwaka 1998 mwanaanga mkongwe wa Marekani, John Glenn, aliporudi angani kwa chombo cha Discovery akiwa na miaka 77, mayai ya Sea-Monkeys yalikuwemo pia. Yaliporejea duniani yakaangua kama kawaida.

Kutoka kifuko hadi kopo

Wakati watoto wakiagiza vifuko, wafugaji wa samaki walikuwa na shida ambayo unga huo uliitatua. Tusiwachanganye lakini: si kichezeo kilichowafundisha wafugaji. Mmarekani Alvin Seale alishaandika mwaka 1933 kwamba vitoto vya Artemia vinafaa kulishia samaki wachanga, na Gunnar Rollefsen wa Norway akaonyesha hivyohivyo mwaka 1939. Von Braunhut alichota kwenye kisima kilekile, ila yeye aliuza kwa kijiko.

Shida yenyewe ni hii. Kamba jike hutaga mamia ya maelfu ya mayai. Kinachotoka ndani hakifanani na kamba hata kidogo: ni kitone chenye jicho moja na jozi tatu za miguu, kinachoishi kwa kiini cha yai siku chache. Baadaye kinageuka umbo na kuanza kula mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho. Kinageuka tena na kuwa mwindaji. Hapo ndipo wafugaji wa mwanzo walipokwama. Utamlisha nini mwindaji mwenye kinywa kisichozidi ncha ya kalamu, asiyetaka chakula kilichokufa, asiyeweza kusubiri hata siku moja? Mjapani Motosaku Fujinaga, aliyeanza katika miaka ya 1930 kuwatagisha na kuwakuza kamba kwenye matangi, ndiye baba wa ufugaji huu, na jibu ambalo vituo vya kutotolesha vifaranga vimelishika tangu enzi hizo ni Artemia aliyeanguliwa leo asubuhi.

Ukubwa wake wa takriban nusu milimita unalingana na kinywa. Anatikisika, kwa hiyo anaonekana. Ana kiini cha yai, kwa hiyo ana lishe. La msingi zaidi, mfugaji anamweka stoo kwenye kopo kwa miaka, akimhitaji anamtia maji jioni na kumvuna kesho. Hakuna chakula kingine hai kinachokaa kwenye rafu namna hiyo. Upungufu wake ni kwamba hana mafuta ya kutosha ya aina ambayo viumbe wa bahari wanaihitaji. Lakini kwa kuwa baada ya saa kadhaa huanza kuchuja chochote kilicho mbele yake, vituo humlisha matone ya mafuta hayo kwanza, ndipo anapelekwa kwa kamba akiwa amejazwa.

Mayai mengi yanatoka sehemu moja, Great Salt Lake huko Utah. Majira ya mavuno ndege ndogo huruka kutafuta michirizi ya kahawia juu ya maji, na boti hukimbilia huko kuizungushia vizuizi na kuifyonza. Serikali ya jimbo hufunga mavuno mayai yakipungua kupita kiwango, ili yabaki ya kuanzisha kizazi kijacho. Utegemezi huo umewahi kuleta hofu: katikati ya miaka ya 1970 mayai yalikuwa adimu kiasi kwamba watu walijiuliza kama ufugaji wa kamba una mustakabali. Mbelgiji Patrick Sorgeloos wa Chuo Kikuu cha Ghent alikuwa miongoni mwa waliosema uhaba huo ni wa kupita tu, na mayai yakaanza kupandwa kwingine. Mwaka 1977 yalipelekwa kwenye mashamba ya chumvi ya Macau, Brazili. Hofu imerudi sasa kwa sura nyingine. Mwaka 2022 maji ya Great Salt Lake yalishuka hadi kina cha chini kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa, kwa ukame na kwa mito kuelekezwa mashambani na mijini, na chumvi ikazidi kukaribia kiwango ambacho hata Artemia anaona taabu.

Uzi huo unafika hadi pwani yetu. Katika miaka ya 1980 Artemia wa Marekani alipandwa kwenye madimbwi ya chumvi kaskazini ya Malindi, upande wa Gongoni, na bado yuko. Anamfaa mwenye chumvi pia: hula mwani unaochafua maji, na maji safi hutoa chumvi nyeupe yenye punje nzuri. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya imewahi kuchunguza namna wenyeji wanavyoweza kuvuna mayai na kuyauza. Ila huyu mgeni si mpole kila mahali. Kwenye Mediterania na pwani jirani ya Atlantiki, Artemia wa Marekani amewafukuza Artemia wenyeji kwenye madimbwi mengi ya chumvi ya Ureno, Hispania na Ufaransa.

Yupo mtu aliyewahi kumla Artemia mwenyewe moja kwa moja? Wapo. Wadawada wa Fezzan, kusini ya Libya, walikuwa wakimvua kwenye maziwa ya chumvi katikati ya mchanga wa jangwa, wakimponda na kumkausha kuwa mikate migumu. Anayepika uduvi wa nazi hatashangaa.

Juu ya makaa

Tuje jikoni sasa, kwa kamba mwenyewe. Pwani yetu ina bahati ya mito. Tana na Sabaki zinamwaga kwenye Ghuba ya Ungwana, Wami na Ruvu zinamwaga karibu na Saadani na Bagamoyo, Rufiji inatawanyika kwenye mikoko mbele ya Mafia. Kamba mchanga hukulia kwenye mikoko, kwenye maji ya chumvi nusu, kisha hutoka kwenda baharini. Mikoko ikikatwa, kamba hawapo. Wafugaji wa nchi kama Ekwado na Thailand waliofyeka mikoko kuchimba mabwawa ya kamba walikuwa wanakata tawi lililokuwa likiwaletea mbegu.

Kamba wa kuvuliwa na wa kufugwa wana ladha tofauti, na sababu yake si siri ya wapishi. Utamu wa kamba unatokana kwa sehemu kubwa na glaisini, kijenzi cha protini chenye utamu wa sukari, ambacho kamba hukijaza mwilini ili asinyonywe maji na chumvi ya nje. Maji yakiwa na chumvi zaidi, akiba hiyo huongezeka. Aliyefugwa kwenye maji karibu baridi, yaani yenye chumvi kidogo, hupoa ladha. Harufu ya bahari nayo ni kitu kingine: hutoka kwenye kemikali zenye bromini zinazotengenezwa na mwani na minyoo ya baharini, ambazo kamba wa porini huzila kila siku. Wa bwawani anakula tembe. Kwa hiyo anayesema kamba wa kufuga hana ladha ya bahari hajisifu, anasema kweli.

Ubichi una saa yake. Kichwani mwa kamba kuna tezi kubwa ya kumeng'enyea chakula, na akifa vimeng'enya vyake huanza kumla mwenyewe, kuanzia shingoni kwenda mkiani. Ndiyo maana kamba aliyekaa juani na kichwa chake huwa teketeke baada ya kupikwa. Barafu hupunguza kasi hiyo, kuondoa kichwa huimaliza. Madoa meusi kwenye gamba ni jambo jingine, ni mwitikio wa hewa sawa na ule unaoliweka weusi tunda lililokatwa. Si sumu, lakini ni saa inayokuambia amekaa. Nunua aliyeng'aa, mwenye gamba lililoshika nyama, kichwa kisicholegea, na harufu ya bahari tupu. Harufu ya amonia ikikugusa pua, endelea na safari yako.

Mchome na gamba. Nitabishana na yeyote kuhusu hili. Gamba huchukua ukali wa moto badala ya nyama, na ladha ya kuchomwa inatengenezwa hapo, sukari na protini zinapokutana na joto kavu. Mpasue mgongoni kwa mkasi, toa ule uzi mweusi, ambao ni utumbo, kisha ingiza chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa kwenye mpasuo. Mkaushe nje kwa kitambaa, kwa sababu maji hugeuka mvuke na kumchemsha. Ndimu isubiri mezani: ukimlowesha kwenye ndimu nusu saa kabla, asidi itaivisha nyama yake na moto utamkuta amekwisha kukakamaa. Viungo vingi namwachia mwenye kamba wa juzi.

Makaa yawe mekundu yaliyofunikwa na majivu membamba, wavu uwe na moto kabla. Kamba mkubwa anataka dakika mbili au tatu kila upande, mdogo chini ya hapo. Rangi ndiyo ya kutazama. Akiwa mbichi ana kijivu cha kibuluu kwa sababu rangi yake nyekundu, astaksanthini, imefungwa ndani ya protini. Joto hulegeza protini hiyo na wekundu unafunguka. Lakini wekundu wa gamba hutangulia kuiva kwa nyama, kwa hiyo tazama penye mpasuo: nyama ikiacha kung'aa kama maji na kuwa nyeupe, mwondoe. Nyama ya kamba huanza kuganda kwenye nyuzi 50 hivi, na ikipita 65 au 70 protini zake hujikaza na kukamua maji yote. Aliyejipinda nusu duara ameiva. Aliyejikunja hadi mkia ukagusa shingo amepitiliza, na hakuna mchuzi utakaomrudisha.

Vichwa, kama kamba alikuwa mbichi kweli, virudishe wavuni dakika moja zaidi hadi vikauke. Vinyonywe vikiwa moto, au vichemshwe na kitunguu na nyanya, vichujwe, na maji yake yapikiwe wali wa nazi wa kulia kamba walewale.